Mgonjwa wa moyo anapopatwa na virusi: hatari inatoka wapi na kinga inaanzia wapi

Virusi vinavyoshambulia njia ya hewa humwingia mgonjwa wa moyo kwa njia ile ile vinavyomwingia mtu mwingine yeyote. Tofauti huanza baada ya kuingia. Homa ambayo kwa mtu mwenye moyo mzima ni siku nne za kulala kitandani inaweza, kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kwa sehemu au misuli ya moyo wake imedhoofika, kuishia kwenye shambulio la moyo, maji kujaa mapafuni au mapigo kuvurugika. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kila msimu wa mafua, kwamba tunawe mikono na tuepuke msongamano, ni wa kweli lakini kwa mgonjwa huyu hautoshi. Sehemu kubwa ya usalama wake hupangwa kabla hajaugua: katika chanjo alizopata, na katika makubaliano yake na daktari kuhusu dawa zipi ataendelea nazo, zipi atazisimamisha kwa muda na zipi hatazigusa kabisa siku homa itakapompata. Nitakaa zaidi kwenye hilo la dawa, kwa sababu ndilo linalosahauliwa, na ndilo ambalo watu hudhurika nalo huku wakiamini kwamba wanajitibu.

Virusi vinaufanyia nini moyo

Joto la mwili likipanda, moyo huongezewa kazi. Kwa makadirio yanayotumiwa na waganga, kila nyuzi moja ya Selsiasi ya homa huongeza mapigo yapatayo 8 hadi 10 kwa dakika, hivyo mtu mwenye joto la nyuzi 39.5 anaweza kuwa na mapigo zaidi ya 20 juu ya kawaida yake hata akiwa amelala. Wengi hawajui kwamba misuli ya moyo, hasa ya chumba cha kushoto, hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo umetulia kati ya pigo moja na jingine, wala si wakati unapobana kusukuma damu. Mapigo yanapokwenda mbio, muda huo wa kutulia ndio unaopungua zaidi. Homa basi huufanya moyo uhitaji oksijeni nyingi zaidi na wakati huo huo huupunguzia nafasi ya kuipata. Mwenye mishipa iliyo wazi hulimudu hilo bila hata kujua. Mwenye mshipa uliobana anaweza kuanza kuhisi maumivu ya kifua ambayo hajawahi kuyahisi akiwa amekaa.

Madhara mengine hutokana na kinga ya mwili yenyewe. Kemikali zinazotolewa na chembe nyeupe za damu katika kupambana na virusi hazibaki kooni na mapafuni, bali huzunguka mwili mzima. Zikifika kwenye mafuta yaliyojijenga ndani ya kuta za mishipa ya moyo, huweza kudhoofisha utando mwembamba unaoyafunika. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake kama inavyoganda kwenye kidonda, na kwa kuwa maambukizi huifanya damu igande upesi kuliko kawaida, donge linaweza kuziba mshipa kwa muda mfupi. Hivyo ndivyo mafua makali yanavyoweza kuzaa shambulio la moyo kwa mtu ambaye wiki moja kabla alikuwa anaendelea vizuri. Yapo pia maambukizi yanayoufikia moyo moja kwa moja: virusi vya kundi la Coxsackie B, virusi vya adeno na virusi vya korona vimejulikana kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo, hata kwa vijana ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Ukubwa wa hatari hii ulipimwa vizuri katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti walichambua matukio 364 ya watu kulazwa kwa shambulio la moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kuthibitishwa kimaabara kuwa na influenza, yaani mafua makali yanayoletwa na virusi vya jina hilo, kisha wakalinganisha siku 7 za mwanzo baada ya kipimo na nyakati nyingine za maisha ya mtu yule yule. Njia hiyo ina nguvu kwa sababu kila mtu analinganishwa na nafsi yake, hivyo tofauti ya uvutaji sigara, unene au kipato haiwezi kuwa ndiyo sababu. Ilionekana kwamba mashambulio ya moyo yalitokea mara 6 hivi zaidi katika siku hizo 7 kuliko katika nyakati nyingine. Virusi vingine vya njia ya hewa navyo viliongeza hatari, ingawa si kwa kiasi hicho. Baada ya siku ya saba ongezeko halikuonekana tena.

Takwimu hiyo isomwe kwa utulivu. Haimaanishi kwamba kila mgonjwa wa moyo anayepata influenza atapata shambulio. Walio wengi hawatapata. Maana yake ni kwamba wiki ya kwanza ya ugonjwa ni wiki ya kuwa macho, na kwamba kuzuia influenza ni sehemu ya matibabu ya moyo kama zilivyo dawa za presha.

Chanjo

Kama mgonjwa wa moyo angeweza kufuata shauri moja tu katika makala hii, ningependa liwe la kuchanjwa influenza kila mwaka. Ushahidi wake ni wa kuaminika. Utafiti ujulikanao kama IAMI, uliofanyika katika nchi 8 na matokeo yake kutolewa mwaka 2021, uliwahusisha zaidi ya watu 2,500, karibu wote wakiwa wametoka kupata shambulio la moyo. Nusu walidungwa chanjo ya influenza wakiwa bado hospitalini na nusu wakadungwa sindano isiyo na chanjo, bila wenyewe kujua wamepata ipi. Baada ya miezi 12, waliofariki kwa sababu yoyote ile walikuwa asilimia 2.9 katika kundi lililochanjwa na asilimia 4.9 katika kundi la pili. Utafiti huo ulilazimika kukatishwa mapema kutokana na janga la korona, lakini tofauti iliyoonekana ni kubwa kwa kitu kinachotolewa kwa sindano moja. Kwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri picha si nyoofu kiasi hicho: utafiti mwingine wa wagonjwa 5,129 katika nchi 10 za Afrika, Asia na Mashariki ya Kati haukufikia lengo lake kuu, ila waliochanjwa walipata nimonia kwa uchache zaidi na walilazwa hospitalini mara chache zaidi. Kwa mtu ambaye nimonia moja inaweza kumrudisha wodini kwa wiki kadhaa, hayo si mafanikio madogo.

Chanjo hii hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi vya influenza hubadilika, na Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wake mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na mwezi Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini. Mwili huhitaji takriban wiki 2 kujenga kinga baada ya sindano, kwa hiyo wakati mzuri wa kuchanjwa ni kabla msimu haujapamba moto. Chanjo ya sindano haina virusi hai na haiwezi kumpa mtu influenza. Maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja au mbili ni dalili kwamba kinga inafanya kazi. Ipo chanjo ya kupulizia puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo kwa kawaida haipendekezwi kwa wagonjwa wa moyo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande hana haja ya kuikwepa sindano: amwambie mhudumu mapema ili itumike sindano nyembamba, kisha pamba ibanwe kwa nguvu kwa dakika kadhaa bila kusugua.

Kuhusu chanjo ya UVIKO-19, hofu iliyobaki kwa wengi ni ile ya uvimbe wa misuli ya moyo. Hofu hiyo haikutungwa. Chanjo za teknolojia ya mRNA zimehusishwa na uvimbe huo kwa watu wachache sana, zaidi wanaume vijana na zaidi baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona vizuri. Lakini virusi vya korona vyenyewe husababisha uvimbe wa aina hiyo, tena pamoja na mgando wa damu na mashambulio ya moyo, na kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo mizani inaegemea wazi upande wa chanjo. Aliyewahi kupata uvimbe huo baada ya dozi iliyotangulia ndiye anayepaswa kuzungumza na daktari kabla ya dozi nyingine.

Tangu mwaka 2023 zimeidhinishwa pia chanjo za virusi vya RSV, ambavyo navyo hushambulia njia ya hewa, kwa watu wazima wenye umri mkubwa, na mahali zinapopatikana wagonjwa wa moyo ni miongoni mwa walengwa wa kwanza. Chanjo ya nimonia ya pneumokoka ni ya bakteria, si ya virusi, lakini inastahili kutajwa hapa kwa sababu bakteria hao hupenda kuvamia mapafu ambayo influenza imeshayachubua.

Kabati la dawa

Mwili ukianza kuuma na pua kuziba, wengi huenda duka la dawa na kununua kile walichozoea. Kwa mgonjwa wa moyo, baadhi ya vitu hivyo vilivyozoeleka vinaweza kuwa na madhara kuliko virusi vyenyewe.

Kundi la kwanza la kuepuka ni dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni. Dawa hizi huzifanya figo zibakize chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa za kutoa maji na za kushusha presha ambazo mgonjwa anazitegemea. Kwa mwenye moyo dhaifu, siku chache za kuzimeza zinaweza kutosha kumjaza maji miguuni na mapafuni. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliimarisha onyo lake, ikieleza kwamba hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo za matumizi. Ibuprofeni ina kasoro ya ziada: ikimezwa karibu na muda wa aspirini ya kila siku, inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake ya kuzuia mgando. Na pale ambapo homa inaweza kuwa ya dengue, dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kundi la pili ni dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini au fenilefrini. Zinazibua pua kwa kubana mishipa ya damu, na mishipa inayobanwa si ya puani peke yake. Presha hupanda na mapigo huongezeka kasi. Ugumu ni kwamba mara nyingi dawa hizi hazisimami zenyewe, bali hujificha ndani ya sharubati na vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa jina la jumla la dawa ya mafua. Sehemu ya kusoma ni yale maandishi madogo yanayoorodhesha viambato, nyuma ya boksi. Kwa pua iliyoziba, maji ya chumvi ya kusafishia pua hutosha katika hali nyingi na hayagusi presha.

Dawa ya homa na maumivu iliyo salama zaidi kwa wengi ni parasetamoli, kwa mtu mzima bila kuzidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye ini bovu au uzito mdogo. Hata hapa kuna mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Vidonge vya parasetamoli vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa mapovu, hupata mapovu hayo kutokana na chumvi za sodiamu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuwa na takriban miligramu 400 za sodiamu. Anayemeza vidonge 8 kwa siku anapata zaidi ya miligramu 3,000, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Mgonjwa anaweza kuacha chumvi mezani kwa uaminifu mwezi mzima, kisha akainywa katika glasi ya dawa bila kujua. Vidonge vya kawaida vya kumeza havina tatizo hilo. Anayetumia warfarini naye ajue kwamba parasetamoli ya dozi kubwa kwa siku kadhaa mfululizo inaweza kuifanya damu yake iwe nyepesi kupita kiasi, hivyo kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kifanywe mara nyingi zaidi.

Antibayotiki haziui virusi, na hilo linajulikana hata na wanaozinunua. Kwa mgonjwa wa moyo, hasara yake haiishii kwenye pesa na usugu wa vimelea. Metronidazoli, kotrimoksazoli na siprofloksasini huweza kupandisha nguvu ya warfarini hadi mtu akatokwa damu. Klarithromaisini ikikutana na simvastatini ya kushusha kolesteroli huweza kuharibu misuli, na ikikutana na digoksini, dawa ya moyo, huweza kuifikisha kwenye kiwango cha sumu. Kotrimoksazoli pamoja na spironolaktoni, dawa ya kutoa maji inayobakiza potasiamu, hupandisha potasiamu kwa njia ya hatari. Ikiwa daktari ameona kwamba kweli kuna bakteria, dawa sahihi ipo. Lakini lazima aone orodha kamili ya dawa ambazo mgonjwa anazitumia tayari, na orodha hiyo inafaa ikae kwenye pochi au kwenye simu, si kwenye kumbukumbu ya mtu mwenye homa.

Linafuata swali la dawa za moyo zenyewe. Kanuni ya jumla ni kwamba haziachwi kwa sababu ya mafua. Kuacha ghafla dawa za kupunguza mapigo, kama bisoprololi au atenololi, kunaweza kurudisha maumivu ya kifua kwa nguvu. Kuacha aspirini au dawa nyingine ya kuzuia mgando kwa mtu aliyewekewa stenti, yaani kimrija cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, katika kipindi kile kile ambacho maambukizi yanaisukuma damu igande ni kucheza na uhai. Mapema mwaka 2020 hofu ilienea kwamba dawa za kundi la enalapril na losartan, zinazoshusha presha na kuupunguzia moyo mzigo, huenda zinavifungulia njia virusi vya korona, kwa kuwa virusi hivyo huingia kwenye seli kwa kujishikiza kwenye protini ya ACE2, ambayo ina uhusiano na mfumo unaoguswa na dawa hizo. Hoja hiyo ilisikika ya kisayansi. Utafiti wa BRACE CORONA uliofanyika Brazil uliwagawa kwa kura wagonjwa 659 waliolazwa na UVIKO-19, wengine wakaendelea na dawa hizo na wengine wakazisimamisha kwa siku 30. Walioacha hawakupata faida yoyote. Tangu hapo msimamo umekuwa kwamba hofu ya virusi si sababu ya kuziacha.

Ila kanuni hii ina kighairi kimoja kikubwa, nacho ni kuharisha na kutapika. Tuseme mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu ana moyo uliodhoofika, na kila asubuhi humeza furosemaidi ya kutoa maji, enalapril ya kuupunguzia moyo mzigo, na spironolaktoni. Amepatwa na virusi vya tumbo. Tangu usiku ameharisha mara nyingi, na kila anachokunywa anakitapika. Asubuhi, kwa kuwa amefundishwa kwamba dawa za moyo hazirukwi, anajikaza na kumeza vidonge vyote vitatu. Furosemaidi inaendelea kumtoa maji ambayo hana. Enalapril inazinyima figo uwezo wa kujikinga presha inaposhuka. Spironolaktoni inabakiza potasiamu ambayo figo zilizoelemewa haziwezi tena kuitoa. Kufikia jioni akisimama anaona kizunguzungu, mkojo umekuwa haba na wa rangi iliyokolea, na kesho yake huenda figo zikawa zimeumia na potasiamu ikawa imepanda kiasi cha kuvuruga mapigo. Hakufanya uzembe wowote. Alifuata maagizo ambayo hayakusema lolote kuhusu siku kama hiyo.

Kwa hali kama yake, madaktari wengi huwapa wagonjwa mpango wa siku za ugonjwa: dawa fulani husimamishwa kwa saa 24 hadi 48, mpaka mgonjwa aweze kula na kunywa kama kawaida, kisha hurudishwa. Dawa zinazoingia mara nyingi kwenye mpango huo ni za kutoa maji, za kundi la enalapril na losartan, metformini ya kisukari, pamoja na dapagliflozini na empagliflozini za kisukari na moyo, ambazo kwa mtu asiyekula zinaweza kujaza asidi kwenye damu hata kama sukari haijapanda sana. Mpango huo haufanani kwa wote, na hakuna makala inayoweza kumpa mtu wa kwake. Kinachowezekana ni kwenda kliniki na swali lililonyooka: “Daktari, nikiharisha au nikitapika siku nzima, vidonge gani nivisimamishe, kwa muda gani, na nimpigie nani?” Na aliyewekewa kikomo cha maji ya kunywa kwa siku aulize pia kikomo hicho kinabadilikaje anapopoteza maji. Majibu yaandikwe. Yaandikwe vilevile maelekezo ya kurudia dawa, kwa sababu wapo wanaosimamisha kwa siku mbili halali na kusahau kwa miezi miwili.

Kuna dawa za kupambana na virusi zenyewe, na wagonjwa wa moyo ni kati ya wanaostahili kufikiriwa kupewa mapema. Oseltamiviri kwa ajili ya influenza hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri siku ya nne kuona kama hali itakuwa mbaya. Dawa ya UVIKO-19 yenye ritonaviri nayo huanzwa ndani ya siku 5, lakini ritonaviri hugongana na dawa nyingi za moyo, zikiwemo simvastatini, amiodaroni na rivaroksabani, kiasi kwamba haifai kutolewa na mtu asiyejua mgonjwa anatumia nini.

Kupunguza nafasi ya kuambukizwa

Hapa maelezo ni mafupi kwa kuwa mengi yanajulikana. Virusi vya mafua, influenza na korona husafiri zaidi kwa hewa, hivyo dirisha lililofunguliwa lina thamani kubwa kuliko meza iliyopigwa dawa. Barakoa inayobana vizuri usoni inafaa katika vyumba vilivyojaa watu, hasa vyumba vya kusubiria daktari. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20. Dawa ya kutakasa mikono yenye kilevi husaidia, lakini haiviwezi vizuri virusi vya noro vinavyosababisha kuhara na kutapika, na kwa hivyo maji na sabuni hubaki kuwa bora. Mtu mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo kumkwepa anayekohoa hakutoshi, na wanaoishi na mgonjwa wa moyo wanapochanjwa nao humlinda. Sipendekezi kujifungia ndani miezi kwa miezi. Moyo unahitaji kutembea, na upweke nao una madhara yake kiafya. Kinachotafutwa ni kuchagua mahali penye hewa, na kuwaomba wenye mafua waahirishe ziara kwa siku chache bila kuona haya.

Ndani ya wiki ya ugonjwa

Mgonjwa mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na daktari anapaswa kujua siku hiyo hiyo. Kuhitaji mito zaidi ili kupumua usiku, au kuamka ghafla kwa kukosa pumzi, ni ishara ya moyo hata kama kikohozi kinaonekana kuwa cha mafua. Kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinasaidia, mradi mtu ajue kiwango chake akiwa mzima: kwa wengi ni asilimia 95 kwenda juu, na kushuka hadi 92 au chini ni sababu ya kutafuta huduma, ila waliozaliwa na baadhi ya kasoro za moyo huishi na viwango vya chini zaidi. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho kinaweza kuonyesha oksijeni iliyo juu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo mtu anayehema kwa shida asitulizwe na namba nzuri.

Maumivu au mkandamizo wa kifua usiokwisha kwa mapumziko, pumzi kukatika, kuzimia, mdomo kupinda, au mkono mmoja kupoteza nguvu havisubiri asubuhi. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu makali, kwa jasho baridi, kichefuchefu na uchovu wa ghafla, dalili ambazo ni rahisi kuzisingizia mafua. Mwaka 2020 idadi ya watu waliofika hospitalini kwa mashambulio ya moyo ilishuka katika nchi nyingi, na katika eneo la Lombardia nchini Italia idadi ya waliosimama moyo nje ya hospitali ilipanda. Hospitali zilikuwa zimeelemewa na virusi vyenyewe viliua, lakini woga wa kwenda hospitali nao uliwachelewesha watu ambao wangeweza kutibiwa.

Tena si kila homa ni ya virusi. Aliyewekewa valvu bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, akiwa na homa ya siku kadhaa isiyo na mafua wala kikohozi, anapaswa kuchukuliwa damu ya kuotesha maabara kabla ya kumeza antibayotiki yoyote, kwa sababu dozi chache tu zinaweza kuficha bakteria wanaokaa kwenye valvu. Na mtoto au kijana mwenye homa ya baridi yabisi iliyogusa moyo asiambiwe kwamba koo linalouma ni virusi tu: kwake yeye bakteria wa streptokoka ndio wanaoharibu valvu, na sindano zake za penisilini za kila wiki 3 au 4 zinaendelea kama zilivyopangwa.

Kurudi kwenye shughuli

Homa ikiisha, moyo unaweza kuwa bado haujatulia. Ni busara kuanza na matembezi mafupi na kuongeza taratibu, na kusimama ikiwa mapigo yanakwenda mbio kupita kawaida, kifua kinabana au kichwa kinakuwa chepesi. Aliyegunduliwa kuwa na uvimbe wa misuli ya moyo huzuiwa michezo ya ushindani, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6, na huruhusiwa baada ya vipimo, kwa kuwa mazoezi makali juu ya misuli iliyovimba yanaweza kuleta mvurugiko wa mapigo unaoua ghafla. Katika ziara ya kwanza ya kliniki baada ya ugonjwa, ni vyema mgonjwa ataje dawa zote alizomeza katika siku zile, apimwe figo na potasiamu ikiwa aliharisha au alisimamisha dawa, apimwe INR ikiwa anatumia warfarini, na apewe tarehe ya chanjo ikiwa hakuwa amechanjwa, kwa sababu influenza ya aina moja haimkingi na aina nyingine zinazozunguka msimu huo huo.